Stepa Haina Macho: Vile Unaweza Kusogeza Mashine kwa Mkono Bila Kuharibu Kazi

Cheki hii. Printa ya 3D imezimwa, hadi plagi umechomoa. Sukuma ile sahani ya chini mbele na nyuma kwa mbio. Skrini inawaka! Si majini, manze. Mota ya stepa ukiizungusha kwa mkono inageuka jenereta, na ile stima inarudi hadi kwa drayva. Ukizidisha mbio unaweza kuichoma, kwa hivyo pole pole.

Hiyo ni shida ndogo. Kubwa iko kwa wasee wanaojijengea mashine za kukata mbao ama kuchonga mabango, na wanataka zote mbili: mota ipige kazi, na wakitaka washike gurudumu wasogeze wenyewe. Inawezekana, lakini kwanza jua stepa inafikiria aje. Haifikirii.

Stepa ya kawaida inagawanya mzunguko mmoja kwa hatua 200. Drayva ikikata kila hatua mara 16, unapata 3200. Ukitumia mkanda wa GT2 na puli ya meno 20, mzunguko ni milimita 40, yaani hatua 80 kwa kila milimita. Kontrola inahesabu tu hatua zenye imetuma. Ukisogeza kichwa milimita 5 kwa mkono, hizo ni hatua 400 zenye haijui zilitokea. Inaamini bado iko pale pale. Ukibonyeza iendelee, mbao ya kastoma inakatwa milimita 5 kando, na hiyo mahogani utailipa wewe.

"Si nitairudisha tu vile ilikuwa?" Kwa macho? Zii. Mota ikipata moto inaruka kwa nafasi ya karibu yenye sumaku zake zinataka, na kwa huo mkanda unaweza kukosea hadi milimita 0.4 hivi. Kwa bango hakuna mtu atajua. Kwa droo, itagoma kuingia. Na ukiilazimisha ikiwa na moto ni mbaya zaidi: inashikilia, inashikilia, halafu inaachilia ghafla na kuruka milimita 0.8.

Dawa fiti ni gurudumu la kielektroniki. Hili haligusi mota. Ukilizungusha linatuma pulsi kwa kontrola, mara nyingi 100 kwa mzunguko, na kontrola ndiyo inasogeza mota. Unachagua klik moja iwe milimita 0.1 ama 0.01. Unahisi ni mkono wako, na hesabu haipotei. Mimi ningetafuta doh ya hii kabla ya kununua kitu kingine.

Kama mfuko umekauka, tafuta mota yenye shafti inatokea pande zote mbili, ufunge gurudumu huko nyuma. Kwa programu ya Marlin, M84 inaachilia mota, unasogeza kwa mkono, halafu G28 inairudisha kugonga swichi ianze kuhesabu upya. Ukiruka hiyo G28, umerudi kwa ile mahogani.

Wa GRBL, angalia seti ya $1. Kawaida ni 25, maanake mota zinaachiliwa milisekunde 25 baada ya kusimama, na kiwiko chako kikigusa tu, hesabu imeenda. Weka 255 zibaki zimeshika. Na kama gurudumu lako la nyuma lina mpini, utoe kabla hujaanza kukata. Mota ikiwa mbio, huo mpini unazunguka nayo, na haubagui mkono wa shati na mkono wako.