Kamera ya Mkanda: Ijaribu Kabla ya Kulipa

Darasa jipya la upigaji picha linapoanza, swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, ninunue kamera gani?" Mara nyingi muulizaji ameshachagua jina kichwani, na fedha zote amezitengea kamera bila kubakiza ya mkanda wala ya kuuosha. Nami humjibu kwamba kamera iliyotumika miaka arobaini haihukumiwi kwa jina. Tazama shata, tazama lenzi, kisha hakikisha vyote viwili unaviongoza kwa mkono wako.

Huko kuongoza kwa mkono ndiko kunakomleta mtu darasani. Mwanga unaofika kwenye mkanda hutegemea upana wa tundu la lenzi na muda ambao shata inabaki wazi. Kamera inayoamua yote mawili yenyewe itakupa picha, lakini haitakufundisha kwa nini zimetoka vile.

Ndiyo maana walimu wengi wa Marekani na Uingereza waliwaelekeza wanafunzi kwenye Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Shata yake huendeshwa na springi na gia. Betri ndogo ya LR44 ni ya kipima mwanga tu. Betri ikiisha, unaendelea kupiga. Canon AE-1, nayo ya 1976, ni kamera nzuri, lakini shata yake hutegemea umeme: bila betri ya volti 6 haifyatuki.

Sifa hizo zimeipandisha bei K1000. Mwenye mfuko mwepesi atazame pia Zenit-E ya Muungano wa Kisovieti, au Praktica za MTL kutoka Ujerumani Mashariki. Zote hupokea lenzi za kukaza kama parafujo, za aina ya M42, ambazo ni nyingi. Ila kasi za Zenit-E ni 1/30 hadi 1/500 tu, na Praktica hizo hufika sekunde nzima upande wa chini na 1/1000 upande wa juu.

Ukishaipata, ijaribu mbele ya muuzaji. Fungua mlango wa nyuma, hakikisha hamna mkanda ndani, kisha weka kasi ya sekunde 1 na ufyatue. Sikiliza: shata ifunguke, ikae, ifunge bila kusita. Panda hadi 1/2, 1/4, 1/8. Kila hatua uisikie ikifupika. Kwenye 1/1000 elekeza kamera dirishani na utazame kwa nyuma. Mwanga umulike eneo lote la picha. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia ya shata hayaendi sawa.

Sasa lenzi. Ivue, fungua tundu lote na uimulike kwa tochi kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kamera zilizofungiwa kabatini kwenye unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja huugua sana ugonjwa huo. Ukikaa muda mrefu unachimba kioo, na hapo fundi hana la kufanya. Tazama pia vile vibapa vya tundu: viwe vikavu, vifunge na kufunguka haraka.

Funua kifuniko cha betri. Ukungu wa kijani ni betri iliyovuja. Gusa sponji nyeusi za mlangoni. Zikinata kama lami zimeoza, na mwanga utapenya hadi kwenye mkanda. Hilo lisikukimbize, kwa kuwa kuzibadilisha ni kazi ndogo. Lipunguzie bei.

Kipima mwanga kilichokufa nacho ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kuondoka. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: jua kali likiwaka, weka tundu kwenye 16, na kasi ikaribiane na namba ya mkanda. Mkanda wa ISO 100 upige kwa 1/125. Wa ISO 400 kwa 1/500. Kivulini, panua tundu hatua moja moja. Mwanafunzi aliyezoea kukadiria hivyo hujifunza kuusoma mwanga kwa macho yake, na elimu hiyo haiishi chaji. Lakini shata inayokwama au lenzi iliyoliwa na kuvu, irudishe mezani hata ikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Fedha utakazookoa zinunulie mikanda. Wa kwanza uwe wa majaribio: kila picha uiandikie daftarini kasi na tundu ulilotumia, kisha uoshe na ulinganishe. Picha zile 36 zitakueleza hali ya kamera yako, na ndizo zitakazokuwa somo lako la kwanza.