Je, Wajua? Roketi za Kupima Pepo

Je, wajua ya kuwa puto la hali ya hewa aghalabu hupasuka kabla ya kufika kilomita 40, ilhali setilaiti hupita juu mno, hata tabaka ya hewa iliyo kati ya hivyo viwili haifikiwi ila kwa roketi ndogo? Huko Thumba, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Kerala, India, ambako kanisa la kale liligeuzwa karakana kwa ridhaa ya askofu (hisani adhimu hiyo!), roketi ya kwanza ya aina hiyo, nayo ya Kimarekani, ilirushwa tarehe 21 Novemba 1963, ya Wahindi wenyewe, yenye kipenyo cha milimita 75 tu, ikafuata mwaka 1967. Baadaye roketi iitwayo RH-200 ilikuwa ikimwaga nyuzi nyembamba za shaba angani, na rada ikizifuata zipeperukapo, ndipo kasi na mwelekeo wa pepo vikajulikana.