Mto Una Wageni, Bugembe Ina Nini?

Msafiri atokaye Jinja kwenda Iganga hupita Bugembe bila kujua kwamba amepita penye kiti cha enzi. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya ufalme wa Busoga, na hapo pia limesimama Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana wa Busoga. Lakini macho ya msafiri hayaoni hayo. Huona barabara kuu iendayo Malaba, malori ya makontena, vijana wa boda boda, vibanda vya chapati, na akina mama waliopanga nyanya zao mafungu mafungu juu ya magunia. Wakati huohuo, mwendo mfupi tu kutoka hapo, mto Nile unatoka katika ziwa Viktoria, na watu wa mataifa mbalimbali hulipa fedha nzuri ili wauone ukianza safari yake ya kwenda Misri.

Tangu tarehe 1 Julai 2020, Jinja ilipopewa hadhi ya jiji, Bugembe si mji mdogo unaojitegemea tena, bali ni sehemu ya jiji hilo. Kwa ramani, basi, mto na Bugembe ni nyumba moja. Kwa mfuko, bado ni nyumba mbili.

Wasomaji wetu wengi wanaijua Jinja kwa njia yao. Wapo waliopitia Kambi ya Gaddafi, wapo waliosoma katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Kimaka, na wapo polisi waliolinda daraja na bwawa usiku wa mvua. Askari akihamishiwa huko huja na mke na watoto, na mshahara ni wa mtu mmoja. Mke hutafuta la kufanya: hufuga kuku, hupika vitumbua, hushona. Kwa hiyo mipango ya utalii si mambo ya waheshimiwa wa wizara peke yao. Ni mambo ya jiko, na yafaa yazungumzwe jikoni.

MAPOROMOKO YALIYOZAMA

Wenyeji huuita mto huu Kiyira. Mwingereza John Hanning Speke aliyafikia maporomoko ya mwanzo wake tarehe 28 Julai 1862, akayapa jina la Lord Ripon wa kwao. Miaka 45 baadaye, mwaka 1907, Winston Churchill alisimama mahali hapo, na alipoandika kitabu cha safari yake hakusifu uzuri tu, bali aliwaza jinsi maji yale yangeweza kuzungusha mitambo. Wazo lile lilipata mwili. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954, na maporomoko ya Ripon yakafunikwa na maji.

Wakati ule watu wachache walisikitika, na haikuwa ajabu. Umeme ulileta viwanda. Kiwanda cha nguo cha Nyanza kilifuma khanga na mashuka, shaba ya Kilembe iliyeyushwa Jinja, na kule Kakira sukari ilizidi kusagwa. Mtu wa Bugembe hakuwa na haja ya mtalii, kwa kuwa king'ora cha kiwanda kilimwita kila asubuhi. Baada ya wenye viwanda wa asili ya Kiasia kufukuzwa mwaka 1972, na vita na upungufu wa miaka iliyofuata, king'ora kile kilinyamaza mahali pengi. Nyumba nzuri za Jinja zilibaki na rangi iliyobambuka, na vijana wakabaki barazani.

Hapo ndipo mto ulipoleta kazi ya pili, ambayo hakuna ofisi iliyoipanga. Mwaka 1996 kampuni za safari zilianza kuwashusha wageni kwa mashua za mpira katika maporomoko ya Bujagali na mengine yaliyofuata chini yake. Sifa ya mahali ikaenea duniani. Wakajengewa mahema na vyumba, wakatokea wauza nyama choma, wachonga vinyago, wafua nguo, waendesha boda boda. Walikuwapo hata vijana waliojitosa katika maporomoko wakiwa wamekumbatia jerikani tupu, wakaibukia chini salama, kisha wakanyoosha mkono kwa mgeni aliyekuwa bado ameshika kifua chake kwa hofu. Ilikuwa kazi ya hatari, wala hatuwezi kuwatamania watoto wetu. Lakini ilikuwa kazi, na ilinunua unga.

Serikali nayo ilikuwa na tatizo lake la kweli. Mwaka 2006, ziwa lilipopungua, umeme ulikatwa kwa zamu nchini kote. Hospitali zilikosa taa, na wenye mashine za kusaga walikaa wakingoja. Bwawa jipya la Bujagali lilikuwa limezungumzwa tangu miaka ya 1990, likapingwa, likachunguzwa na jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia si mara moja bali mara mbili, na kampuni ya kwanza ya Marekani ilijitoa mwaka 2003. Ujenzi ulianza 2007, na mwaka 2012 bwawa lenye nguvu ya megawati 250 likafunguliwa. Maporomoko ya Bujagali, yenye jina la mzimu Budhagaali ambaye Wabasoga humheshimu tangu kale, yalizama. Ubishi juu ya namna ya kuuhamisha mzimu ulisikika mpaka ng'ambo. Ubishi juu ya kumhamisha muuza nyama choma haukusikika sana.

Mwandishi huyu hasemi kwamba bwawa lisingejengwa. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kibatari. Neno lenyewe ni hili: aliyekuwa na shamba au nyumba mahali pa bwawa aliweza kuhesabiwa, kwa kuwa shamba lina mipaka na nyumba ina kuta. Aliyekuwa na wateja tu, bila hati yoyote, alihesabiwa na nani? Riziki itokanayo na utalii haionekani katika daftari la mpima ardhi. Hiyo ndiyo sababu mpango wa utalii lazima uandikwe mapema, nao uwe na nguvu ya kukaa meza moja na mpango wa umeme, badala ya kuitwa meza ikishaondolewa vyombo.

Jambo moja jema lilipatikana katika mvutano ule. Katika mapatano ya mwaka 2007 baina ya Uganda na Benki ya Dunia, maporomoko ya Kalagala, ambayo kwa upande wa mashariki huitwa Itanda, yaliwekwa kando yawe badala ya Bujagali: yahifadhiwe kwa ajili ya viumbe na wageni, yasijengewe bwawa la umeme. Mapatano hayo yalijaribiwa mara. Bwawa la Isimba, lenye megawati 183, lilipofunguliwa Machi 2019 chini zaidi ya mto, maji yake yalirudi nyuma na kumeza baadhi ya mawimbi yaliyopendwa na wapiga kasia. Hata hivyo, mashua za mpira zinashuka bado, na zinashuka kwa sababu kuna karatasi iliyotiwa sahihi. Karatasi si kitu kidogo.

SHERIA ILIYOISHIA MPAKANI MWA HIFADHI

Watu wengi hudhani kwamba mtalii akilipa, wenyeji hupata fungu lao kisheria. Ni kweli nusu. Sheria ya wanyamapori ya Uganda inaagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa irudishwe kwa serikali za mitaa zinazozizunguka hifadhi hizo. Ndiyo maana upande wa Mbale, karibu na mlima Elgon, vijiji vinaweza kudai fungu hilo. Jinja haina hifadhi ya taifa. Mto si mbuga, na wimbi halina lango. Sheria hiyo haiijui Bugembe hata kidogo.

Tusiisifu Elgon kupita kiasi. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1993, na mabishano ya mipaka kati yake na wananchi, hasa Wabenet, yameumiza familia nyingi. Lakini kule Sipi, wilaya ya Kapchorwa, nje ya hifadhi, kuna funzo ambalo Jinja ingeweza kuliazima bila riba. Mgeni aendaye kutazama maporomoko matatu ya Sipi huongozwa na kijana wa pale pale, kisha hupelekwa katika shamba la mkulima mdogo wa kahawa. Huko huchuma, hutwanga kwa kinu, hukaanga kahawa juu ya mafiga, huinywa, na hununua ya kwenda nayo. Maporomoko ndiyo yaliyomwita, lakini jiko ndilo lililomtoza. Mkulima hakungoja asilimia ya mtu.

Jinja nayo ina kodi inayoweza kusaidia. Tangu mwaka 2008 serikali za mitaa za Uganda zina mamlaka ya kutoza kodi ya vyumba vya hoteli, ambayo mgeni huilipa na mwenye hoteli huipeleka. Fedha hiyo huingia katika kapu moja na kodi nyinginezo, na ikishaingia humo haina uso. Hakuna dhambi kutengeneza mitaro kwa fedha ya watalii. Lakini kama sehemu yake ingeandikwa wazi kwamba ni ya soko, vyoo na taa katika mitaa ambayo wafanyakazi wa hoteli wanalala, watu wangeuona utalii kwa macho yao.

HARUSI ILIYOONYESHA NJIA

Tarehe 18 Novemba 2023 Bugembe ilipata wageni bila mto. Siku hiyo Kyabazinga wa Busoga, William Gabula Nadiope wa Nne, alifunga ndoa na Jovia Mutesi katika Kanisa Kuu la Kristo. Watu walijaa barabarani, hoteli za Jinja zikajaa, washonaji wa gomesi na kanzu wakakesha. Ufalme ambao katiba ya mwaka 1967 iliufuta pamoja na falme nyingine, ukarejeshwa miaka ya 1990, ulionekana siku hiyo kuwa ni mali, na kwa neno hilo hatukusudii dharau.

Siku ya harusi ilipita. Je, Bugembe ina la kumwonyesha mgeni siku ya kawaida ya Jumanne? Linalo kanisa, yapo makao ya ufalme, ipo historia ya koo za Busoga. Kule Kyando, wilaya ya Mayuge, ndiko anakokumbukwa Askofu James Hannington aliyeuawa Oktoba 1885, na mahujaji huenda huko kila mwaka. Njia iunganishayo chanzo cha Nile, mahali ambapo sehemu ya majivu ya Gandhi ilitawanywa mwaka 1948, na Bugembe, na Kyando, ingeweza kumfanya mgeni alale usiku wa pili. Usiku wa pili ndio wenye faida: mgeni wa siku moja hula chakula alichobebewa kutoka Kampala na kurudi huko kabla ya giza.

Hapo mpangaji hana budi kuuliza maswali madogo. Mgeni atasimama wapi? Atajisaidia wapi? Nani atamweleza anachokiona? Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lilipofunguliwa mwaka 2018, watu walimiminika kupiga picha, na walinzi wa usalama wakapata kazi ya kuwaondoa. Askari hana kosa. Daraja ni mali ya kulindwa. Lakini haja ya watu kulitazama ilijulikana tangu lilipokuwa michoro. Sherehe kubwa ya muziki ya Nyege Nyege nayo ilizua mabishano bungeni mwaka 2022, ilipofanyika Itanda: wengine waliona uharibifu wa maadili, wengine waliona vyumba vilivyojaa. Sisi tunaona yote mawili, na tunaongeza la tatu: mama aliyepika chakula cha kuuza huko alihitaji kujua mapema bei ya kibanda, maji yatatoka wapi, na polisi watakuwa upande gani.

NINI KINUNULIWE, NA KWA NANI

Hoteli hainunui kama jirani anavyonunua. Jirani akikosa mayai leo atarudi kesho. Hoteli inataka idadi ileile kila wiki, ya ukubwa mmoja, iletwe asubuhi, pamoja na stakabadhi, na malipo yanaweza kuchelewa mwezi mzima. Mke mmoja mwenye kuku 30 hawezi kustahimili hayo. Wake kumi wa kota moja, wakipanga zamu na kuweka daftari moja, wanaweza. Kinachowashinda mara nyingi si kuku, bali ni ule mwezi wa kungoja malipo ilhali chakula cha kuku hununuliwa taslimu. Hapo vyama vya kuweka na kukopa, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, vina nafasi kuliko hotuba yoyote: mkopo mdogo wa siku 30, baba aujue na mama aushike.

Ufundi nao uko karibu. Chuo cha taifa cha hoteli na utalii kiko Jinja, pamoja na hoteli yake ya mafunzo, Crested Crane. Ngege wa ziwani, viazi vitamu ambavyo Wabasoga hawawezi kukaa bila hivyo, mchuzi wa karanga, hata chapati iliyokunjwa na mayai, vyote ni vyakula ambavyo mgeni huvitafuta akachoka na viazi vya kukaanga. Kinachotakiwa ni usafi unaoweza kukaguliwa na bei iliyoandikwa ukutani, moja kwa mgeni na mwenyeji.

Na ikumbukwe kwamba soko hili hutikisika. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga mipaka, na mwaka huohuo ziwa lilipanda hata likaingia katika bustani na hoteli za ufukweni. Aliyekuwa na mteja mmoja tu, hoteli, alikaa na mayai yake. Mwenye busara huuza nusu kwa mgeni na nusu sokoni.

Kila mwaka jiji huitisha mkutano wa kujadili bajeti kabla haijapitishwa, na mkazi yeyote anaweza kuhudhuria. Mama wa Bugembe akienda huko, asiombe utalii uje, umekwisha kuja. Aulize kodi ya vyumba ya mwaka uliopita ilikuwa shilingi ngapi, na katika hizo ni ngapi zilizovuka kuja upande wake wa barabara.