Papa, haya majiwe wanayafanyia nini?

Papa anarudi jioni na mfuko wa kasiteriti begani. Mtoto anauliza: «Papa, haya majiwe wanaenda kuyafanyia nini?» Kule Manono, Kalima ao Walikale, wazazi wengi wanakosa jibu.

Kasiteriti ikiyeyushwa inatoa bati. Leo kazi yake kubwa ni kuunga vipande ndani ya redio na telefone. Lakini wenye elimu wanaitafutia kazi ingine: kuitia ndani ya batri.

Batri ya telefone iko na pande mbili. Wakati wa kuchaji, litiamu inatoka upande mmoja na kuingia upande wa pili. Ukitumia telefone, inarudi. Upande ule unaoipokea, mara nyingi ni grafiti, ile ya ndani ya kalamu ya krayo. Gramu 1 ya grafiti inapokea miliampea-saa 372. Gramu 1 ya bati inaweza kufikisha karibu 990!

Basi, juu ya nini hawatumii bati? Shida ni kwamba inavimba. Ikijaa litiamu, ukubwa wake unapita mara tatu ule wa mwanzo. Litiamu ikitoka, inanywea. Ni sawa na ukuta wa udongo: mvua, jua, mvua, jua, mwisho unapasuka na kumomonyoka. Vipande vya bati vikiachana, umeme haupiti tena, na batri inakufa.

Kuna pia batri za sodiamu, ile inayopatikana mu chumvi. Grafiti inaipokea vibaya sana. Bati inaipokea vizuri, lakini inavimba hata mara tano.

Dawa ni kusaga bati iwe unga laini kabisa na kuichanga na vitu vinavyoishikilia. Katika mwaka 2005, Sony ya Japani iliuzisha batri ya kamera za video yenye bati, kobalti na kaboni. Na tuangalie kwetu: kobalti iko Kolwezi, na mwamba wa Manono uko na kasiteriti pamoja na litiamu.

Vijana, msidanganywe. Batri nyingi zingali za grafiti. Mtu akisema bei ya kasiteriti itapanda kesho ju ya batri, usiache masomo kwa kumfuata. Kazi ya kuzuia bati isipasuke ni ya kemia, na kemia inafundishwa darasani, haiko ndani ya shimo. Nanyi wazazi, mtoto akiuliza tena, sasa muko na jibu.