Duka la Ndovu, Ng'ambo ya Nyali

Mkazi wa Kisauni, Mombasa, akitaja duka la Nakumatt, mara nyingi hukusudia tawi la Nyali, lililokuwa ndani ya jengo la City Mall, kando ya barabara kuu iendayo Malindi. Lilikuwa duka la kila kitu chini ya paa moja: unga na mchele, sabuni, vitabu vya shule, majokofu, baiskeli za watoto, magodoro na makochi. Mjini Mombasa kulikuwa pia na tawi lililobeba jina la Likoni. Nembo ya kampuni ilikuwa ndovu, na ndovu huyo alijulikana hata na watoto ambao hawajajua kusoma.

Ukubwa wa jambo la kuwa na duka kama hilo ng'ambo huonekana ukikumbukwa mji ulivyokaa. Mombasa ni kisiwa, na wakazi wake wengi huishi ng'ambo: Likoni kusini, Changamwe magharibi, Kisauni na Nyali kaskazini. Kwa miaka mingi, kununua kitu kikubwa kulimaanisha kuvuka maji. Watu wa Likoni walipanda feri, wa Changamwe walipita tuta la Makupa, na wa Kisauni walivuka Daraja la Nyali: kwanza lile la kuelea la mwaka 1931, kisha la zege lililofunguliwa 1980. Kisiwani, kanga zilifuatwa Biashara Street, viungo na mboga Marikiti. Ng'ambo kulikuwa na soko la Kongowea na duka la mtaa, lenye kaunta, wavu wa chuma, mafuta ya kupima na daftari la madeni.

Duka kubwa la vitengo vingi lilianza mbali na Pwani. Mjini Paris, kuanzia mwaka 1852, Aristide Boucicaut aliendesha Le Bon Marché kwa kanuni mbili zilizokuwa ngeni kwa wanunuzi wengi: bei imeandikwa, na kila mtu ana ruhusa kuingia na kutazama hata kama hanunui. Mwaka 1916, mjini Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly, duka ambalo mteja alijichukulia bidhaa mwenyewe na kulipia mlangoni. Nchini Kenya, mtindo huu ulienezwa sana na Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali. Kisha zikaja kampuni za familia kutoka upande wa Nakuru: Nakumatt, Tuskys na Naivas. Jina la Nakumatt lenyewe ni ufupisho wa Nakuru Mattress, kwa kuwa familia ya Shah iliyoianzisha iliuza magodoro kabla ya kuuza kila kitu.

Mabadiliko yaliyoletwa na duka kama hilo yalianzia mlangoni. Katika duka la mtaa mteja husimama nje ya wavu, akataja anachotaka, akapewa. Hapa aliingia ndani, akavuta toroli, akapita kati ya rafu, akashika bidhaa, akaigeuza, akasoma bei na kuirudisha. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Mwenye shilingi hamsini alitembea njia zilezile na mwenye elfu hamsini, na ubaridi wa kiyoyozi, ambao mtu wa Pwani huujua thamani yake mwezi wa Februari, uliwafikia wote sawa. Familia zilikwenda Jumamosi au siku ya pili ya Idi kama waendao matembezini. Watoto walisimama mbele ya televisheni zilizopangwa safu, zote zikionyesha picha moja.

Mteja wa kawaida alikuwa na kadi ya pointi, iliyopitishwa kwa keshia kila anaponunua. Alitoka na mfuko wa nailoni wenye picha ya ndovu, na mfuko huo haukutupwa. Ulikunjwa ukawekwa, siku nyingine ukabebea vitabu vya madrasa au nguo za safari. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mfuko wa ndovu ukatoweka mwaka uleule ambao duka lenyewe lilikuwa likiyumba.

Nakumatt ilikuwa imekua kwa kasi. Iliingia Rwanda mwaka 2008 na Uganda 2009, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Ilipofikia kilele ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Misiba pia iliipata: moto uliounguza tawi la katikati ya Nairobi Januari 2009 na kuua watu wengi, na shambulio la kigaidi la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, ambako Nakumatt ilikuwa duka kuu la jengo.

Hata hivyo, kilichoiangusha kilikuwa deni. Katika duka la mtaa, mteja ndiye akopaye na jina lake huandikwa daftarini. Katika duka kubwa mteja hulipa papo hapo, lakini duka lenyewe hukopa: huchukua bidhaa kwa wauzaji wa jumla na kuahidi kulipa baada ya miezi miwili au mitatu. Utaratibu huo huenda vizuri mradi bidhaa zinauzwa na fedha zinarudi kwa muuzaji wa jumla. Fedha hizo zikitumiwa kufungua matawi mapya, siku ya kulipa hufika na sanduku tupu. Muuzaji wa jumla asiyelipwa haleti mzigo mwingine. Rafu hupungua vitu, mteja huhamia kwingine, na mapato ya kulipia deni huzidi kushuka. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga.

Mwaka 2017 matanga hayo yalionekana kwa macho. Rafu zilizojaa mpaka juu zilibaki na bidhaa chache zilizosogezwa mbele ili kuficha nafasi iliyo nyuma. Matawi yalifungwa moja baada ya jingine, na wafanyakazi wengi wakapoteza riziki. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas, na Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ivunjwe. Tuskys nayo ilianguka baadaye kwa ugonjwa uleule wa madeni.

City Mall haikubaki tupu. Nafasi ya ndovu hatimaye ilichukuliwa na Carrefour, duka lenye asili ya Ufaransa linaloendeshwa nchini Kenya na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Bidhaa zipo, kiyoyozi kipo, na watu wa Kisauni bado huingia na kutoka. Duka la mtaa nalo halijahama mahali pake: wavu ni uleule, mafuta bado hupimwa, na daftari la madeni liko chini ya kaunta, dogo kiasi kwamba mwenye duka anamjua kwa sura kila aliyeandikwa humo.