Baba anaamka mara nne usiku: si uzee tu

Wanaume wengi huchelewa kuja hospitali. Wengine huona ni uzee, wengine huogopa kuambiwa wana saratani.

Tezi dume ipo chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Umri unavyosogea, hasa baada ya miaka 40, seli na misuli ya sehemu yake ya ndani huongezeka taratibu. Ukuaji huu si saratani wala hausambai mwilini, ila huubana mrija. Ndiyo maana tezi ndogo inaweza kusumbua kuliko kubwa.

Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa nguvu ndogo au hukatikakatika, na mtu huhisi haujaisha. Kibofu hulazimika kusukuma zaidi. Misuli yake hunenepa, mwishowe huchoka. Mkojo unaobaki ndani huleta maambukizi, mawe, hata kuharibu figo.

Saratani nayo inaweza kuleta dalili kama hizi, hivyo usikisie, pima. Dawa zipo, upasuaji pia upo. Mkojo ukigoma kabisa kutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukiona damu, usisubiri.

Na baba akiamkaamka usiku, muulizeni. Mwenyewe huenda anaona aibu kusema.