Kliniki ya Mtoto Haiishii kwenye Chanjo

Wazazi na walezi wengi humpeleka mtoto kliniki bila kukosa hadi anapotimiza miezi 18 na kupata chanjo ya pili ya surua na rubela. Baada ya hapo kadi huhifadhiwa kabatini. Ikumbukwe kuwa mtoto anapaswa kufuatiliwa hadi atimize miaka 5; hivyo imebaki miezi 42 ambayo hakuna anayempima.

Katika kipindi hicho udumavu unaweza kuendelea bila kutambuliwa. Mtoto aliyedumaa si lazima awe mwembamba. Ni mfupi kuliko umri wake, na jambo hilo hubainika kwa kupima urefu, si kwa kumtazama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, ikilinganishwa na 34 mwaka 2015/16. Udumavu huathiri pia ukuaji wa ubongo na uwezo wa kujifunza.

Kwa sababu hiyo, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaunganisha mambo matano: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mwili na akili ya mtoto hukua pamoja.

Mweleze mtoa huduma iwapo mtoto haketi bila kushikiliwa akiwa na miezi 9, hatembei akiwa na miezi 18, au haunganishi maneno mawili akiwa na miaka 2. Kwa mtoto mkubwa zaidi, angalia mabadiliko: kujitenga na wenzake, kurudia kukojoa kitandani, au kulalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Dalili hizo si utundu, wala hazitibiwi kwa fimbo. Huenda mtoto ana hofu au anafanyiwa ukatili.

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ikihitajika, mtoto atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi. Taarifa za ukatili zipelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa kupiga simu namba 116 bila malipo. Aidha, matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa kila Juni na Desemba.

Mzazi, mlezi: itoe kadi kabatini leo. Ikiwa tarehe ya mwisho ya kupimwa ni ya miezi mingi iliyopita na mtoto hajatimiza miaka 5, mrudishe kliniki. Hujachelewa.